Mshahara na Siri Visikae Mkono Mmoja

Katika mashamba ya kahawa yaliyowahi kuizunguka Ruiru, msimamizi alikuwa mtu wa kusimama. Wachumaji waliinamia mibuni. Yeye alipita kati ya mistari akihesabu madebe, akitazama nani kachanganya mbichi na mbivu, nani kachelewa, nani akatwe. Kujua kama mchumaji alilala au hakulala halikuwa jukumu lake. Sehemu kubwa ya mashamba hayo sasa ni mji mpya wa Tatu City na mitaa ya maghorofa ya kupangisha, lakini neno limebaki, nalo limehamia katika chumba cha ushauri nasaha. Mshauri anayewasikiliza waliobakwa, waliofiwa ghafla na wanaopigwa majumbani anatakiwa na taaluma yake awe na msimamizi. Kwa kuwa tumelichukua neno pamoja na mzigo wake, wengi huingia katika kikao hicho kama wachumaji wanaopeleka debe kupimwa.

Hoja yangu ni hii: kumsimamia mshauri anayehudumia watu wenye kiwewe hakuwezi kufanywa vyema na mtu anayeshika mshahara wake, alama zake au barua yake ya mapendekezo. Mengine yanayosemwa kuhusu usimamizi unaozingatia kiwewe, nayo ni mengi, yanasimama juu ya hilo. Mpe msimamizi mafunzo bora kabisa, mpe chumba chenye dirisha na viti vya kustarehesha; maadamu ndiye atakayeamua nani apunguzwe kazi mwezi ujao, mshauri hatamwambia kwamba juzi alishindwa kumsikiliza mteja kwa sababu mikono ilikuwa inamtetemeka.

Kazi yenyewe si ya jana. Mwaka 1920, Max Eitingon na wenzake walifungua mjini Berlin kliniki ya kuwatibu kwa uchanganuzi wa nafsi hata watu wasio na pesa, na humo ukajengeka utaratibu kwamba anayejifunza tiba asiwaone wagonjwa bila kuwa na mtu mzoefu wa kukaa naye na kuizungumza kazi hiyo. Katika miaka ya 1980, Brigid Proctor wa Uingereza aligawa kazi ya msimamizi katika majukumu matatu: kulinda maadili na viwango, kukuza ujuzi, na kumrudishia mhudumu nguvu. La kwanza humlinda mteja. La pili humjenga mshauri. La tatu humzuia asiishe. Sisi la kwanza tumelishika kwa mikono miwili, la pili tunalishika wakati wa mafunzo, na la tatu tumeliachia sala, usingizi na, kwa baadhi yetu, chupa.

Kiwewe hulifanya hilo la tatu kuwa kubwa kuliko mengine, kwa sababu hakikai kwa aliyekipata peke yake. Mwaka 1990, Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman walieleza jinsi masimulizi ya wateja yanavyobadilisha polepole namna mtaalamu anavyouona ulimwengu. Anayesikiliza kila siku habari za watoto waliodhulumiwa na jamaa zao huanza kumtazama kwa shaka kila mjomba anayempakata mpwa wake. Miaka mitano baadaye Charles Figley alihariri kitabu kuhusu uchovu wa huruma, ule unaomkuta mtu kwa sababu ameguswa sana, wala si kwa sababu ya uvivu. Mhasibu aliyechoka akienda likizo wiki mbili hurudi mzima. Mshauri aliyebeba picha za watu wengine huenda nazo likizo, na hurudi nazo.

Zipo pia zile hali ambazo Harold Searles alizieleza mwaka 1955: yanayotokea kati ya mgonjwa na tabibu hujirudia kati ya tabibu na msimamizi wake. Hili naliona ndilo la thamani zaidi katika elimu yote ya usimamizi. Chukua mfano wa mwanamke aliyefundishwa na kipigo kwamba kusema huleta adhabu. Mbele ya mshauri atakaa kimya, atajibu kwa neno moja moja, ataomba radhi bila kosa. Wiki inayofuata mshauri anakwenda kwa msimamizi, naye bila kujua amekuwa mtu wa neno moja moja, anajitetea kabla hajashtakiwa. Msimamizi asiyekijua kiwewe ataona mwanafunzi mzembe asiyejiandaa. Anayekijua atanyamaza kidogo, kisha aulize, "Ukimya huu ni wako, mwenzangu, au umeubeba kutoka kwa mama yule?" Swali hilo moja hufungua kikao, kwa sababu mshauri anapata kuhisi jinsi mteja anavyohisi, mahali ambapo yeye hataadhibiwa kwa kuhisi.

Mwaka 2014 shirika la serikali ya Marekani linalohusika na afya ya akili na matumizi ya dawa za kulevya lilitoa mwongozo wa huduma inayozingatia kiwewe, ambao sasa hunukuliwa kila mahali. Misingi yake ni sita: usalama, uaminifu na uwazi, kusaidiana kwa walio na hali moja, kushirikiana, kumpa mtu sauti na hiari, na kuzingatia utamaduni, historia na jinsia. Wanaounukuu husahau kwamba uliandikwa kwa ajili ya taasisi nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi. Ukimwagiza mshauri ampe mteja hiari, na yeye mwenyewe hana hiari hata ya idadi ya watu atakaowaona leo, umemtuma kugawa kitu ambacho hukumpa.

Chukua usalama, msingi wa kwanza. Anayekuja kwa Eastern Bypass kutoka upande wa Mombasa Road huinusa Kamakis ya Ruiru kabla hajaiona. Moshi wa nyama choma, mbuzi waliotundikwa nyuma ya vioo, muziki wa baa hii ukishindana na wa baa ile, hasa Ijumaa jioni. Ni mahali pa raha, na watu wana haki ya raha. Lakini mshauri anayeanza huduma yake katika ukanda huu, kati ya Kamakis, Ruiru mjini na Thika, hukodi chumba anachokimudu, na chumba hicho mara nyingi kiko katika jengo la biashara: juu ya duka la dawa au saluni, ukuta wa mbao nyembamba kati yake na ofisi ya jirani. Mteja aliyenusurika nyumba yake ilipoteketezwa anapanda ngazi zenye harufu ya mkaa. Mlango ukibamizwa chini, anaruka kitini, na mshauri anaruka naye. Msimamizi anayezungumzia usalama kwa maneno ya vitabu bila kuuliza chumba kiko wapi, kinapakana na nini, na mteja wa mwisho huondoka saa ngapi, hajaanza kazi.

Sensa ya 2019 iliihesabu Ruiru kuwa na watu 490,120, mji wa nne kwa ukubwa nchini Kenya, mbele ya Eldoret. Thika ilikuwa na 251,407. Ni watu waliokuja kutoka kila upande, na wengi walikuja na yao. Wapo waliofurushwa makwao katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100. Wapo waliokuwa kwenye mabasi mawili yaliyolipuliwa Thika Road Mei 4, 2014, na waliosikia milio ya risasi Githurai usiku wa siku ya maandamano ya Juni 25, 2024. Ruiru ina chuo cha mafunzo cha magereza na kambi ya kikosi cha Recce, wale makomando walioingia Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2, 2015 na kuwamaliza wauaji wa watu 148. Maofisa hao wana wake, wana watoto wanaosoma shule za hapa, na baadhi ya wake na watoto hao hukaa mbele ya mshauri wakijaribu kueleza kwa nini baba haongei tangu arudi.

Lipo tabaka jingine, la chini zaidi. Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960 iliifinya Kiambu kwa namna ya pekee. Kuanzia 1954 familia za Wakikuyu zilihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge, na ndani ya kijiji kimoja walikaa waliokula kiapo cha Mau Mau na waliobeba bunduki za serikali. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wahasiriwa 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 na kueleza majuto yake. Nyumbani, mambo ya nani alimsaliti nani yaliendelea kunyamaziwa. Msingi wa sita wa Wamarekani unataja historia kwa neno moja. Ruiru, historia hiyo ni shamba, ni mpaka wa shamba, ni sababu ya bibi mmoja kumkataza mjukuu wake asiolewe katika nyumba fulani bila kusema kwa nini. Mshauri kijana aliyezaliwa hapa anaweza kuwa mjukuu wa upande mmoja akimsikiliza mjukuu wa upande wa pili. Msimamizi makini atamuuliza hilo mapema, kwa heshima, kabla mteja hajaligusa.

Taaluma yenyewe ilikujaje? Kituo cha Ushauri Nasaha cha Amani kilianza Nairobi mwaka 1979, kikawa miongoni mwa vya kwanza kuwafundisha Wakenya kazi hii. Kisha ikaja Agosti 7, 1998. Bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213 jijini Nairobi na kujeruhi maelfu, na kwa mara ya kwanza nchi nzima ikaona washauri wakitafutwa kama damu inavyotafutwa. Daktari Frank Njenga na wenzake waliongoza huduma ya nafsi kwa manusura. Waliosikiliza walikuwa Wanairobi kama waliosikilizwa. Nao walikuwa na ndugu mjini siku ile, nao vioo vya ofisi zao vilikuwa vimetikisika. Hapo swali la nani anambeba mshauri lilipaswa kujibiwa kitaifa, lakini lilijibiwa nusu.

Nusu iliyojibiwa ilitoka kwa Ukimwi. Novemba 1999 Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa, na kuanzia 2001 vituo vya VCT, yaani vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari, vilienea nchini. Mshauri wa VCT alikuwa akiwaambia watu kadhaa kwa siku kwamba wana virusi, katika miaka ambayo dawa hazikuwa za kila mtu. Mashirika yaliyoviendesha yaligundua upesi kwamba watu hawa wasipokutanishwa mara kwa mara na mtu wa kuwasikiliza, wanaacha kazi au wanageuka mawe. Kwa hiyo vikao vya kuwasaidia washauri vikaingizwa katika miongozo na katika bajeti. Washauri wengi waliopitia VCT husema hadi leo kwamba hapo ndipo walipokutana na usimamizi usio wa kutafuta makosa. Lakini pesa zilikuwa za wafadhili. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, washauri wa programu za Ukimwi walikuwa miongoni mwa waliofungiwa milango, na vikao vyao vikafungwa nao.

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ilipitishwa mwaka 2014 na kuunda bodi ya kuwasajili na kuwasimamia. Mwaka 2020 jopokazi la afya ya akili, likiongozwa na Njenga yule yule, liliitaka serikali itangaze maradhi ya akili kuwa dharura ya kitaifa. Ni hatua nzuri zote mbili. Hata hivyo sheria huweza kulazimisha masaa ya kusimamiwa. Haiwezi kulazimisha kilichomo ndani ya saa. Na mwanafunzi anayefanya mazoezi bila malipo katika kituo fulani, anayejilipia nauli kutoka Juja, anayemlipa msimamizi mfukoni, hujikuta anatafuta sahihi. Fomu inajazwa, masaa yanatimia, na yule mtoto wa miaka saba ambaye kisa chake kinamwamsha usiku hatajwi kamwe.

Hapa narudi kwenye mkono ulioshika mshahara. Katika vituo vidogo msimamizi ndiye mwenye kituo. Katika chuo ni mhadhiri. Katika huduma ya kanisa ni mchungaji, na makanisa, niseme wazi, yamewabeba watu wengi wa Thika na Ruiru waliokuwa hawana pa kwenda, siyadharau. Lakini mshauri anayeimba kwaya chini ya mchungaji huyo atamwelezaje kwamba kisa cha mteja kimetikisa imani yake? Mshauri humwita msimamizi "Daktari", "Madam", au "Mum", na majina hayo yana upendo ndani yake. Yana ngazi pia. Mtu hamwambii mama yake kwamba amelemewa ikiwa mama ndiye atakayeandika ripoti.

Wenye vituo hujibu kwamba ni lazima mtu ajue kazi inavyokwenda, kwani mteja akiumizwa wao ndio watakaoshtakiwa. Wako sahihi, na sisemi ukaguzi ufutwe. Nasema ugawanywe. Mwenye kituo akague mafaili, ratiba, malalamiko na maadili, kwa uwazi, mshauri akijua nini kinaangaliwa na lini. Mtu mwingine, wa nje, asiyeandika tathmini ya kazi, abebe lile jukumu la tatu la Proctor. Na mpaka kati yao uandikwe siku ya kwanza: yale ambayo msimamizi wa nje atayapeleka kwa mwenye kituo ni hatari kwa maisha ya mteja au ya mshauri, na uvunjaji mkubwa wa maadili, mengine hayatoki. Mshauri akilijua hilo kabla hajafungua kinywa, anachagua mwenyewe aseme nini. Hiari ndiyo hiyo.

Kikao chenyewe kinakuwaje? Hakianzi na faili. Kinaanza na mtu: umefikaje, umelala, umekula? Kisha wanakubaliana leo wazungumzie nani. Mshauri halazimiki kueleza ukatili wote kwa kina. Mara nyingi hahitaji, na msimamizi anayedai kila kitu anajiongezea kiwewe bila faida kwa mtu. Wanaangalia mwili: pumzi ilikatika wapi mteja aliposema, bega lilikaza lini. Wanahesabu wateja wa wiki kwa uzito wao zaidi ya idadi, kwa sababu visa vitatu vya ubakaji mfululizo asubuhi moja si sawa na visa vitatu vya wanandoa wanaogombana kuhusu karo. Na kabla ya kuondoka kunakuwa na namna ya kuutua mzigo: matembezi mafupi, chai ya pamoja, dakika tatu za kimya. Wengine husali.

Lugha nayo ina mambo. Mteja wa Kamakis husimulia kwa Kikuyu, akafika palipo pagumu akaruka hadi Kiswahili, akamalizia kwa Sheng ili asilie. Mshauri anaandika kwa Kiingereza. Wiki ijayo anamsomea msimamizi kwa Kiingereza. Kufikia hapo moyo uliokufa ganzi umekuwa dalili, usiku wa kuamka umelowa jasho umekuwa istilahi, na mwili wa yule mama umebaki njiani. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 Wanyarwanda hawakungoja istilahi ya kigeni. Walikuwa na ihahamuka, neno linalobeba taswira ya mtu aliyekatwa pumzi na hofu, nalo liliwasaidia kutambuana. Ningependa kila msimamizi wa Thika na Ruiru amwombe mshauri arudie sentensi moja ya mteja kwa lugha ile ile iliyosemwa, kisha wote wawili wakae nayo kidogo.

Kuna mpaka mwingine unaoleta mkanganyiko. Washauri wengi walivutwa na kazi hii na majeraha yao wenyewe. Wala si aibu. Kisa cha mteja kikigusa jeraha hilo, msimamizi huuliza linaathirije kazi na linahitaji nini. Hageuzi kikao kuwa tiba ya mshauri. Akifanya hivyo amechukua nafasi asiyopewa, na mshauri ambaye amesimulia utoto wake wote kwa msimamizi atashindwa kumbishia wiki inayofuata. Kwa tiba yake mwenyewe mshauri anahitaji mtu wa tatu, na msimamizi mzuri ana majina mawili matatu ya kumpa.

Siku mteja akijiua, kila kilichojengwa hupimwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ni kinyume cha Katiba. Hukumu hiyo imewaondolea wateja na washauri hofu moja kubwa. Hofu nyingine imebaki ofisini. Taarifa inapofika, katika taasisi nyingi swali la kwanza huwa, faili iko wapi? Faili itatafutwa, na lazima itafutwe. Lakini mshauri aliyekaa na mtu huyo Jumanne, akamwona akicheka, akamwandikia miadi ya Jumanne nyingine, anahitaji kwanza mtu wa kukaa naye, kumpunguzia wateja wa wiki hiyo, na kumsindikiza katika swali la kama aende mazishini na akae wapi. Mapitio ya kazi yaje siku kadhaa baadaye, na yaendeshwe na mtu mwingine. Yakichanganywa siku moja, mshauri hujifunza kuficha, na mteja atakayefuata mwenye mawazo hayo ndiye atakayelipa.

Ukaribu wa watu hapa nao vitabu vya nje haviujui. Mshauri na mteja hupanda matatu moja, hununua mboga kwa mama mboga mmoja, watoto wao husoma darasa moja. Mume anayetajwa kikaoni ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa. Kanuni ya kujitenga kabisa na mteja haitekelezeki Ruiru. Kinachowezekana ni kuzungumza mapema: tukikutana barabarani nitakusalimu au nisubiri unisalimu? Na msimamizi amuulize mshauri anapopumzikia wapi, kwa sababu asiyeweza kula nyama choma Jumamosi bila kumwona mtu ambaye siri yake anaijua hapumziki.

Siri zenyewe nazo zimehamia simuni. Yapo makundi ya WhatsApp ambamo washauri huulizana kuhusu visa, kwa nia njema na mara nyingi usiku, kwa sababu hakuna mwingine wa kuuliza. Wanaondoa jina la mteja, lakini wanaacha umri, mtaa, kazi ya mume na hospitali. Katika mji ambao watu wanajuana namna hii, jina ni la nini tena? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazitaja habari za afya miongoni mwa data nyeti. Sitaki kuwatisha washauri hao kwa sheria. Natamani tu waone kwamba makundi hayo ni dalili ya njaa ya kusikilizwa, na kwamba njaa hiyo ina chakula chake halali.

Je, haya yote yana ushahidi? Kwa namna moja, ndiyo. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Nairobi na wanawake 421, wengi wao waliowahi kudhulumiwa kijinsia. Wahudumu wa afya wa jamii, wasio wanasaikolojia, walipewa mafunzo mafupi na usimamizi wa kufuatilia kazi yao, na wanawake waliohudumiwa nao walipungukiwa dhiki kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Zimbabwe, mpango wa benchi la urafiki ulioanzishwa na Daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 ulianza na akina bibi 14, na umesimama kwa sababu bibi mwenyewe ana wa kumwendea. Lakini ukiuliza kama usimamizi peke yake, ukitenganishwa na mafunzo, humponya mteja haraka zaidi, tafiti duniani bado ni chache kuliko tunavyopenda kutangaza. Mimi hilo halinizuii. Hatumpi mwokoaji kamba baada tu ya utafiti kuonyesha kwamba kamba huongeza idadi ya wanaookolewa. Tunampa kwa kuwa naye ni mtu aliye majini. Na Kenya sasa ina wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliozinduliwa Septemba 2023, wanaobisha hodi milango ambayo ndani yake kuna kila kisa nilichokitaja. Na wao, nani anawabebea jukumu la tatu?

Tunapotafuta jina na umbo la kitu hiki, tusiende mbali. Wakikuyu humwita mũtiiri yule anayemshikilia kijana siku ya jando na kumtunza hadi apone. Maana yake ni anayeegemeza. Pwani, somo humfunda mwari na hubaki mtu wake wa siri hata baada ya kuolewa. Hao wote wawili huchaguliwa nje ya wazazi. Wazazi wanajua kwamba anayetoa amri nyumbani hafai kuwa ndiye anayesikia hofu, na hawaoni kuwa wamenyang'anywa kitu. Mũtiiri wala hamwachi kijana afanye apendavyo. Humkosoa, tena kwa ukali akikosea. Tofauti ni kwamba kidonda kimo mikononi mwake wakati anapokosoa, kwa hiyo anajua aguse wapi.

Swali la pesa ndilo hukatisha tamaa, nalo Kamakis lina jibu ambalo kila mtu hapa analijua: chama. Washauri watano au sita, kutoka vituo tofauti ili asiwepo bosi wa mwenzake, wachange kila mwezi kiasi wanachokubaliana na kumlipa kwa pamoja msimamizi wa nje, ikibidi kutoka Nakuru au Machakos, mtu asiyejua mume wa nani ni nani hapa. Mara moja kwa mwezi awe nao kikundini. Katikati ya mwezi wakutane wenyewe kwa wenyewe. Sehemu ya mchango iwekwe kando kwa ajili ya mwanachama ambaye mteja wake amefariki, apate vikao vyake peke yake bila kuomba, na mwanafunzi aruhusiwe kuchanga nusu. Simu zibaki kwenye kikapu mlangoni. Daftari la mahudhurio liwe na tarehe na sahihi tu, hizo za kupeleka kwenye bodi, bila neno lolote la yaliyosemwa. Wakutane asubuhi ya siku ya kazi, kabla majiko hayajawashwa, na wakodi chumba kisicho cha mmoja wao. Anayefika wa kwanza afungue madirisha, aweke maji ya chai, na apange viti kwa mduara, vyote vya kimo kimoja.